Ruhusa ya Kumzika Mama Mkwe

Kato hakuamini ugonjwa. Aliamini maiti.

Ukimwendea na homa, alikutazama toka utosini hadi unyayoni kama mtu anayekagua mbuzi wa mnadani, kisha akakuuliza swali lake moja, lililojulikana mtaa mzima wa Malakia, mjini Juba: "Wewe iko simama?" Ukijibu ndiyo, umejifunga mwenyewe, kwa sababu mtu aliyesimama ni mzima, na mtu mzima anakanda unga. Ukijibu hapana, wewe ni mwongo, maana anakuona hapo umesimama. Lakini umwendee na msiba! Hapo Kato alivua kofia, akaushika mkono wako kwa mikono yake miwili, akakipa talaka kile Kiswahili cha kuamrisha alichokiokota kwenye malori, akakupa ruhusa, akapitisha sahani ya rambirambi, na wa kwanza kutia alikuwa yeye. Wafu aliwaheshimu sana. Walio hai walikuwa na mikate ya kuoka.

Ndiyo sababu pale kwenye tanuri lake, nyuma ya maduka ya Malakia, jamaa za wafanyakazi walikufa kama nzige. Thon, mchochea kuni, kijana wa Bor mrefu kama mlingoti wa simu, alikuwa amekwisha zika mashangazi wengi kuliko mabinti ambao babu yake angeweza kuzaa. Malaria ikimshika, shangazi anakufa. Jino likimuuma, shangazi. Safari moja tumbo lilimwendesha akajikuta amemuua tena shangazi ambaye alikuwa amemzika mvua zilizopita, na Kato, kwa heshima ya marehemu, hakuhoji. Alisema tu kwamba ukoo wa Thon unahitaji maombi.

Erifazi peke yake hakuwahi kuua mtu.

Alikuwa Muganda wa Wobulenzi, mkandaji wa unga, mtu wa kanisani, aliyemfuata Kato Juba amani ilipotiwa saini na watu kuanza kusema kwamba huko kuna pesa na hakuna mkate. Asubuhi alibeba magunia ya unga kutoka stoo, akayamwaga kwenye sinia la bati, akakanda mpaka jasho likawa sehemu ya chumvi. Mikono yake ilikuwa minene na tulivu. Mtu angeweza kuweka kikombe cha chai juu ya kiganja chake na chai isitikisike. Nyumbani alimwacha mkewe Erina, mjamzito, na kila alichokipata kilipanda basi kwenda kwa Erina.

Ugonjwa wake ulikuwa wa aina ambayo mwanaume haiweki mezani. Ulianza kama ndimu kinenani, siku alipobeba magunia mawili kwa mpigo ili Thon asimpite. Ndimu ikawa chungwa. Ilikuwa ngiri, ule ugonjwa ambao mtaani huitwa mshipa, na mtaani wakishaujua huo, jina lako la ubatizo linafutika. Akauficha. Alichana mfuko wa unga wa kitambaa akatengeneza mkanda, akajifunga kiunoni na mapajani kila alfajiri, na yale maandishi ya kiwanda yanayoonya kwamba mzigo huu uhifadhiwe pakavu yakamkalia matakoni. Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio kitamuumbua. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwa Kato.

Tabibu wa kliniki ya karibu alimlaza, akambonyeza, akatikisa kichwa.

"Utumbo umeruka ua," alisema. "Sasa hivi ukiusukuma unarudi. Siku utakapokataa kurudi, utajinyonga, utaoza, na wewe utaufuata. Nenda hospitali wakupasue mapema. Halafu mwezi na zaidi usinyanyue hata ndoo."

"Na kazi, daktari?"

"Mimi natibu matumbo, ndugu yangu. Kazi itafute daktari wake."

Basi daktari wa kazi akawa Kato. Erifazi alimngojea mpaka mikate ya asubuhi ilipotoka, wakati ambao tajiri huwa na moyo laini kama mikate yenyewe, akamsogelea.

"Tajiri, mimi ni mgonjwa."

"Wewe iko simama?"

"Nimesimama, lakini..."

"Mgonjwa nalala. Wewe nasimama, nasema, jana nakula mandazi yangu tano. Mgonjwa gani hii?"

Erifazi alishusha sauti mpaka ikafika karibu na ugonjwa wenyewe. "Ni mshipa, tajiri. Unataka kupasuliwa. Wanasema nipumzike mwezi."

"Mwezi!" Kato aliipaza, na siri ya Erifazi ikatoka nje ikapiga kona ya soko. "Mwanamke nazaa, wiki moja narudi shamba. Wewe nazaa nini? Mimi napa wewe mwezi, kesho Thon naota mshipa, kesho kutwa Nyakuma naota mshipa..."

"Mimi nitauotesha wapi, bosi?" sauti ilitoka kwenye dirisha la kuuzia.

Huyo ndiye Nyakuma. Alikuwa amekulia Nakuru, ukimbizini, akafanya kazi kiwandani huko, kisha akarudi Juba na Kiswahili cha Kenya na ulimi usiokuwa na breki. Aliuza mikate dirishani na kusikiliza kila kitu mgongoni.

"Wewe nyamaza, uza mkate," Kato alisema.

"Si nauza? Lakini Kenya mtu akiumwa anapewa ofu, na mshahara unaingia. Hiyo ni haki, bosi, si huruma."

"Basi rudi Kenya."

"Nimesharudi. Huku ndiko kwetu."

Thon alicheka humo humo ndani ya moshi. Kato akageuka akamtazama, kicheko kikaingia tanuri.

"Sawa," Kato alisema. "Subiri Januari. Nyinyi napiga kura ya kujitenga, napata nchi. Nchi nalete sheria. Sheria nalete likizo. Leo iko unga tu." Akaondoka. Wala hakuwa amekasirika. Alikuwa mtu aliyewahi kuendesha lori kwa mkono mmoja, ule mwingine umevunjika, toka Gulu mpaka Yei, na aliamini kabisa kwamba kila binadamu ana mkono wa akiba.

Mchana Nyakuma alimwambia Erifazi avae shati safi. "Twende ofisini, anko. Kuna watu wa serikali kazi yao ni hii."

Walitembea kwenye jua, Erifazi akienda upandeupande kama kaa, hadi ofisi moja iliyokuwa kwenye kontena. Ndani palikuwa na meza, kiti, koti limetundikwa kwenye kiti, na karani mmoja akijipepea kwa bahasha.

"Tunamtaka afisa wa mambo ya wafanyakazi," Nyakuma alisema. "Huyu ni mgonjwa, na mwajiri amemnyima mapumziko."

"Afisa hayupo," karani alijibu.

"Yuko wapi?"

"Anaumwa. Amepewa mapumziko."

Nyakuma aliangua kicheko mpaka akalazimika kuegemea ukuta wa bati, na ukuta ulikuwa wa moto, akaruka akicheka. Erifazi hakucheka.

"Mapumziko ya mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka apone," alisema karani.

Mpaka apone. Erifazi aliliangalia lile koti kwenye kiti kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya jirani. Hakuwahi kujua kwamba kuna mahali duniani ambapo maneno hayo mawili hukaa pamoja.

Waliporudi, Thon alikuwa na jibu tayari. "Ya zol, mbona unajisumbua? Ua mtu. Kalas, yamekwisha."

"Mimi siui mtu."

"Basi mshipa utakuua wewe, na Kato atatoa mchango mzuri sana."

Erifazi akakaa juu ya gunia akawapanga jamaa zake. Baba alishakufa kweli, na Kato alihudhuria. Mama hapana. Mama ukimtamkia kifo, ulimi unaumba. Mke na mtoto aliye tumboni, Mungu apishe mbali. Akabaki na mmoja.

Kwa Waganda, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Anayevunja mwiko huo, wazee wanasema, huingiwa na mtetemeko: mikono inaanza kutikisika na haikomi mpaka kaburini. Erifazi hakuwahi kumtazama usoni mama yake Erina. Alimfahamu kwa kisigino na kwa sauti ya kikohozi nyuma ya mlango. Ukifikiria sana, alijiambia, huyu mama kwangu anaishi kama marehemu tangu zamani: anaheshimiwa, anatajwa, haonekani. Kumuua ni kumsogeza hatua moja tu.

Hivyo akamuua. Alikwenda hospitali kwanza, akaahidiwa kitanda cha siku ya pili yake, ndipo akamwendea Kato asubuhi, macho mekundu kwa moshi wa tanuri.

"Tajiri, nimefiwa. Mama yake Erina."

Kofia ilitoka kichwani. Mikono miwili ikaukamata mkono wake. Kiswahili kikatoweka, kikaja Kiganda laini cha nyumbani.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Nini kimemchukua?"

"Presha."

"Presha inamaliza wazee wetu. Atazikwa wapi?"

"Wobulenzi."

"Chukua wiki nzima." Erifazi aliona mbingu ikifunguka. Alishaona kitanda chenye shuka, alishajiona amelala. Lakini Kato hakuwa amemaliza. "Na huendi peke yako. Mkwe haingii msibani peke yake kama mwizi wa kuku. Kesho nilikuwa napeleka lori Kampala kuchukua unga. Wobulenzi iko njiani. Tunakwenda wote. Nitanunua kitambaa cha gome la mti cha kumfungia marehemu, nitasimama kando yako mbele ya wakwe zako, wajue kwamba binti yao ameolewa na mtu mwenye watu."

"Tajiri, usijisumbue. Nitapanda basi."

"Basi! Na mimi nina lori?" Kato alikuwa na machozi ya kweli. "Erifazi, mimi ni mkali, najua. Lakini kwenye msiba hutaniona nimekaa."

Sahani ikapita. Thon alitia, huku akimtazama Erifazi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amezama mtoni katika somo la kwanza la kuogelea. Nyakuma alimvutia Erifazi nyuma ya kuni.

"Sema ukweli sasa hivi, anko. Hapa hapa."

"Nikisema, kazi imekwenda na mshipa umebaki."

"Na usiposema utapanda hilo lori? Ile barabara ya mpakani Nimule ni barabara au ni adhabu?"

Siku ambayo kitanda kilikuwa kinamngoja hospitalini, Erifazi alipanda lori la Kato, akiwa amefungwa mkanda wake mara mbili, kwenda kumzika mwanamke aliye hai.

Walipofika Sherikat, ng'ambo ya daraja la Juba, Kato alisimama kutia upepo kwenye magurudumu. Erifazi alijificha nyuma ya rundo la mkaa akapiga simu.

"Erina, sikiliza. Mama amekufa."

"Mama yupi?" Erina akapiga kelele.

"Mama yako."

"Mama yangu yuko hapa anamenya matoke! Wewe umekunywa?"

"Najua kwamba anamenya. Nilisema amekufa ili nipate ruhusa, na sasa tajiri anakuja kumzika. Mwambie asitoke nje. Mwambie..."

Mtandao ukakatika. Ndivyo ulivyokuwa ng'ambo ya daraja: unakupa nafasi ya kutamka balaa, ukitaka kueleza unazimika.

Barabara ikaanza kazi yake. Shimo la kwanza Erifazi aliuma midomo. La pili alilia. Baada ya hapo mashimo yakaacha kuwa na mpangilio, ikawa shimo moja refu lenye vipande vya barabara ndani yake. Kato, akidhani ni majonzi, alianza kuimba nyimbo za mazishi kwa sauti nzito, akimpiga mgongoni kila baada ya ubeti.

"Lia, mwanangu, usione aibu. Nimeona watu wakilia mama zao. Mtu wa kumlilia mama mkwe hivi sijapata kuona. Alikuwa mwema?"

"Sijui," Erifazi alijibu kati ya meno. "Sijawahi kumwona."

"Hiyo ndiyo heshima!" Kato alisema, na akaongeza mwendo kwa furaha.

Jua lilipokuwa katikati Erifazi alitapika dirishani. Aliingiza mkono ndani ya mkanda kuusukuma ule uvimbe kama alivyozoea. Haukusukumika. Ulikuwa mgumu kama mkate uliosahaulika wiki nzima. Akausukuma tena, akaona nyota mchana. Hapo akajua kwamba siku aliyoambiwa na tabibu ndiyo hii, na imemkuta ndani ya lori, akisindikizwa kwa nyimbo.

"Tajiri. Hajafa."

"Nani?"

"Mama mkwe. Hajafa. Anayekufa ni mimi."

"Ndivyo tunavyosema sote," Kato alimliwaza. "Wapendwa wetu hawafi. Wamelala."

"Tajiri, simamisha lori!"

Lori lilisimama katikati ya vumbi lake. Erifazi alifungua suruali, akafungua mkanda, akamwonyesha Kato kile ambacho hakuwahi kumwonyesha hata mkewe mchana. Kato alitazama. Alitazama kwa muda, mdomo wazi, ubeti wa wimbo ukiwa bado haujashuka kooni. Kisha alitia gia, akaliendesha lile lori kama lililoibiwa, akiyarukia mashimo, akipiga honi kwa mbuzi na kwa malaika, mpaka mlangoni pa hospitali ya mpakani. Alimbeba mwenyewe. Hilo lisemwe, maana ni kweli: Kato alimbeba Erifazi mikononi kama bibi harusi, akipiga kelele daktari aje.

Walimpasua jioni ile ile. Alipozinduka palikuwa asubuhi, na Kato alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia kichwani.

"Nimempigia mkeo kumwambia uko wapi," alisema kwa Kiganda. "Simu ilipokelewa na marehemu. Anakusalimu."

Erifazi akafumba macho.

"Nilimtangaza kanisani, Erifazi. Jumapili watamwombea Juba nzima. Nilivua kofia yangu. Mimi nilivua kofia!"

"Nilikwambia kwanza kwamba naumwa, tajiri."

"Ulikuwa umesimama."

"Sasa nimelala."

Neno hilo lilimpata. Kato aliinua kofia kidogo akajikuna, akakiangalia kitanda, akaangalia chupa ya maji iliyoning'inia, na mtu angeweza kuona jinsi sheria yake mwenyewe ilivyokuwa ikimbana kama kiatu kipya.

"Kweli umelala," alikubali. "Lakini ruhusa niliyokupa ilikuwa ya kuzika. Hakuna wa kuzikwa, kwa hiyo hakuna ruhusa. Nikimpa ruhusa mtu aliyeniulia heshima, wale wengine nitawaambia nini? Sasa sikiliza. Naingia Uganda kuchukua unga. Nikirudi nitapita barabara hiyo hapo nje. Nikikukuta umesimama, wewe ni mzima, na kazi yako ipo. Nisipokukuta, nitakuwa na mkandaji mwingine ndani ya lori." Akaweka mkate karibu na mto, mmoja wa ile aliyoikanda Erifazi mwenyewe, akatoka.

Erina hakuweza kuja. Siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Aliyeshuka basi la Gulu siku iliyofuata alikuwa mwanamke mdogo aliyekauka kama ganda la karanga, na kitu cha kwanza alichoomba hospitalini ni shuka. Alilitundika kando ya kitanda cha Erifazi, akaketi upande wa pili, uso ukutani. Uji alimpa nesi, nesi akauzungusha.

"Mkwe," alisema nyuma ya shuka.

Erifazi alifumba macho ingawa hakuna alichoweza kuona. "Mama."

"Nasikia nimekufa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekufa na nini?"

"Presha."

"Presha!" Sauti ilipanda. "Mimi ninayelima mpaka leo? Ungesema nimegongwa na lori, watu wangeamini." Kijiko kikagonga kikombe. "Kwa nini hukuwaambia tu kwamba wewe unaumwa?"

"Niliwaambia."

Nyuma ya shuka mama mkwe alikohoa kile kikohozi chake.

"Basi niache nimekufa," alisema. "Kama kufa kwangu ndiko kunakokupa kulala, nitakufa mpaka kidonda kifunge."

Lakini Kato alikuwa ameshaongea naye kwenye simu, na maiti akishapokea simu, hakuna anayemtolea ruhusa.

Siku ambayo madereva waliotoka Gulu walisema wamelipita lori la Kato likiwa limesheheni unga, Erifazi alitoka kitandani. Nesi alimwambia mshono bado mbichi, akisimama utaachia. Alimsikiliza kwa adabu zote, akaomba arudishiwe ule mkanda wake wa mfuko wa unga, akajifunga juu ya bandeji. Mkono mmoja ukutani, akatoka nje. Mama mkwe alifuata nyuma, mbali kidogo, akitazama ardhi kama desturi inavyotaka, akiona matone yanayomtangulia.

Kando ya barabara jua lilikuwa limesimama na yeye. Malori yalipita, kila moja likimmwagia vumbi, na kila moja lilikuwa la Kato mpaka likaribie. Erifazi alifungua miguu kidogo, akakaza magoti. Hakuomba Mungu ampe afya. Aliomba magoti tu. Kitu cha moto kilikuwa kikishuka pajani polepole, na hakukiangalia, kwa sababu usipokiangalia kitu hakijawa.

"Mkwe, keti kidogo," mama mkwe alisema nyuma yake.

"Nikiketi sitainuka, mama."

Lori la Kato lilitokea kwenye kona, jeupe kwa unga, honi ikilia. Erifazi aliliona. Aliinua mkono. Na mkono ulipopanda, magoti yakashuka.

Hakufika chini. Mikono miwili mikavu ilimpita makwapani ikamdaka, kifua chembamba kikamkandamiza mgongoni, na kichwa cha mwanamke ambaye hakuwahi kumwona uso kikawa begani pake kikihema. Mama yake Erina alikuwa amemkumbatia mkwewe, mchana kweupe, kando ya barabara kuu.

Lori likasimama. Ndani, kando ya Kato, alikaa kijana mgeni mwenye mabega mapana, akitafuna muwa. Kato alichungulia, akaona ni nani amemshika nani, na kwa kuwa alikuwa Muganda, mtoto wa watu, alivuta kofia ikamfunika macho.

"Nimesimama, tajiri," Erifazi alisema.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakuja kunizika?" mama mkwe aliuliza juu ya bega lake.

"Ndiye, nnyabo," Kato alijibu kwa heshima chini ya kofia.

"Basi shuka. Nimekuja mwenyewe, nimekupunguzia safari. Nizike, kisha umpe huyu siku zake ulizomwahidi."

Injini ilinguruma. Yule kijana aliacha kutafuna. Kwa muda ilionekana kama Kato atafungua mlango. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa, na Erifazi aliutazama mkono ule kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote.

"Nilisema asimame yeye," Kato alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka ambaye ameagizwa na mtu mwingine, ingawa aliyemwagiza ni yeye mwenyewe. "Hapa ninaona aliyesimama ni mmoja tu. Na huyo ndiye maiti."

Mkono ukatoka kwenye kitasa, ukaenda kwenye gia. Lori liliondoka, magunia yakitikisika, unga mweupe ukipukutika juu yao wawili kama majivu.

Mama mkwe alimshusha chini taratibu, akaketi kwenye changarawe, akakiweka kichwa cha Erifazi juu ya mapaja yake. Sasa Erifazi aliweza kumwona uso. Ulikuwa uso wa Erina, uliokaushwa. Mama mkwe alikuwa akipaza sauti kumwita nesi, na mlangoni watu walianza kukimbia.

Ndipo mikono ya Erifazi ilipoanza kutetemeka. Ile mikono minene, mitulivu, iliyoweza kubeba kikombe cha chai bila kumwaga tone, ilitikisika toka vidoleni mpaka kwenye viwiko, na kadiri alivyoikaza ndivyo ilivyozidi. Aliitazama kwa hofu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kwa damu.

"Ni homa," mama mkwe alisema upesi. "Ni homa ya kidonda tu, mwanangu."

Aliishika yote miwili, kwa kuwa mwiko ulikuwa umekwisha vunjika na hapakubaki cha kuvunja, akaikandamiza kifuani pake kwa nguvu zake zote, na mikono ikaendelea kutetemeka humo humo.